Risasi ya Inspekta

Mimi nimezaliwa Lamu, na watu wa kwetu tuna ugonjwa mmoja usio na dawa: mtu akikosea Kiswahili mbele yetu, hatuwezi kunyamaza. Tutamsahihisha sokoni, tutamsahihisha mazikoni, na akizama mtoni akaomba msaada, tutamrekebisha sarufi kwanza ndipo tumtupie kamba. Nilihamia Garissa na ugonjwa huo, nikakaa nao hadi vita vikanikuta huko. Mpaka leo, na uzee huu, nikisikia mtu anasema "ya" mahali pa "za" moyo hunienda mbio. Sababu si kiburi tena.

Aliyenipa kazi kubwa kuliko wote alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Alikuwa Msomali wa Garissa, mtoto wa wafugaji, aliyewakimbia ngamia wa baba yake akaenda Kismayu kujifunza ufundi wa magari kwa Mtaliano mmoja. Kwa Mtaliano huyo alipata vitu viwili. Alipata sikio la kusikia ugonjwa wa injini kabla boneti haijafunguliwa, na alipata mguu wa kulia usiokunja goti, kwa sababu siku moja jeki iliteleza gari likamlalia. Kutoka gereji yetu hadi msikitini, umbali ambao mtoto huumaliza bila kuhema, yeye alipumzika njiani juu ya mkongojo wake. Watoto wa mtaa walimfuata wakimwiga, naye akawarushia maneno ya Kisomali ambayo sikutafsiriwa.

Yeye ndiye aliyeniita Garissa. Ukoo wetu ni wa wakerezaji. Babu na baba walikereza miguu ya vitanda, mimi nikahamia kwenye chuma, na shemeji alihitaji mtu wa kerezo. Tukashirikiana, yeye injini, mimi mashine. Aliniita "sedi", ndivyo Wasomali wanavyomwita shemeji, na kila kitu duniani alikiita "ya". Watu ya soko, mbuzi ya jirani, kisu ya jikoni, viatu ya mke yangu. Herufi p mara nyingi aliigeuza b, na v akaifanya f.

"Sedi, nibe falfu ya gari ya Mhindi."

"Valvu za gari. Ziko nyingi. Za."

"Haya. Nibe za ya Mhindi."

Alifanya makusudi, ili nichomeke. Kisha angecheka na kuniambia: "Wewe unatengeneza maneno, mimi natengeneza gari. Tutaona nani atafika mbali."

Vita vilipoingia, hakuna aliyefika mbali. Wale waliotaka eneo lile lijitenge na kuwa upande wa Somalia walikuwa porini na bunduki, serikali ikawaita shifta, na muda si muda kila Msomali akawa shifta mpaka athibitishe vinginevyo. Njia zikafungwa. Malori ya Liboi na ya Elwak, yaliyokuwa yakitulisha kwa kuharibika, yakawa hayaji tena, au yalikuja na matundu ambayo si kazi ya fundi. Nimeona ngamia waliouawa kisimani wakiwa wamefungwa magoti, kundi zima, na mwenye mali amekaa katikati yao akiwafukuza nzi kana kwamba kuna faida. Bunduki ikisikika upande wowote, wanaume wa mtaa wetu walitolewa majumbani wakachuchumalishwa juani hadi askari wachoke. Mimi, mtu wa pwani, niliambiwa kando. Nilikaa kando nikitazama wenzangu wakikojoa pale pale walipochuchumaa.

Mwaka huo dada yangu akashika mimba ya kwanza. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mwanamke, na mama yetu alikuwa Lamu. Dada angeweza kuvuka mto wakati wowote, na mimi vilevile, sababu hatukuwa Wasomali. Shemeji hangeweza kupita kizuizi cha mtoni bila kibali cha polisi, na vibali havikuwa vikitolewa. Tulimsihi dada aende peke yake. "Nikirudi nitamkuta?" aliuliza, akabaki. Basi hilo ndilo tulilolitaka, na hatukutaka lingine: mtu mmoja kiwete apewe ruhusa ya kuvuka mto kabla tumbo la mkewe halijamzidi.

Ndipo akaja Inspekta. Alikuwa mkubwa wa polisi pale mjini, kijana wa bara, msafi, mwenye sauti ya upole. Naitaja sauti kwa sababu watu hudhani wakatili hupayuka. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia gari dogo la viti viwili, la zamani, zuri la kutembelea. Inspekta hakutaka la kutembelea. Alitaka kwenda nalo Nairobi kwenye mashindano, akawapite Wazungu na Wahindi mbele ya watu, na kwa hilo alihitaji injini inayozunguka kwa kasi kuliko ilivyozaliwa.

"Nataka ilie kama nyigu ndani ya chupa," alimwambia shemeji.

"Bwana Inspekta, hii injini ya mzee. Inataka kukohoa. Haitaki kulia."

"Ilize. Siku itakapolia nitakuandikia kibali kwa mkono wangu, uvuke na mkeo."

Tukaifungua injini siku ile ile. Nitasema kweli hata kama inauma: tulifurahi. Nje watu walikuwa wakipigwa mateke kwa kosa la kuwa nyumbani kwao, na sisi ndani tulikuwa na furaha ya mafundi waliokaa muda mrefu bila kazi. Shemeji alinieleza kama vile mimi ni mtoto. Pistoni hupanda na kushuka, sedi, na kila inapofika juu inataka kuendelea mpaka mbinguni. Kinachoirudisha ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika. Ukizidisha kasi, pistoni inauvuta mkono wake kwa hasira. Kwa hiyo kila kitu kinachotembea lazima kipungue uzito, na vilivyo pacha lazima viwe pacha kweli.

Kwa hiyo tulipunguza. Lile gurudumu zito la nyuma ya injini nililikereza hadi likabaki jembamba, na mkono wangu ukawa na malengelenge. Konrodi alizipiga tupa yeye mwenyewe, akazing'arisha kama vikuku vya bibi harusi, akazipeleka kwa muuza duka jirani akazipima kwenye mizani ya sukari. Moja ikizidi, anakaa kizingitini anaisugua tena, anarudi kuipima, mpaka muuza duka akasema afadhali vita kuliko wateja wa namna hii. Springi za valvu tuliziweka mbili mbili, moja ndani ya nyingine, ili valvu zisichelewe kufunga. Pistoni ngumu zaidi, zenye kichwa kilichoinuka, zililetwa na lori la polisi kutoka Nairobi. Njia za hewa ndani ya silinda hedi, kichwa cha injini, alizilainisha kwa kidole na msasa, akifumba macho. Dada alikuwa akituletea chai ya maziwa ya ngamia, anakaa juu ya tairi kuukuu, anashika tumbo na kuuliza: "Imeanza kulia?"

Kikabaki kitu kimoja, beringi za konrodi. Magari ya siku hizi yana beringi za kununua. Injini ile ilikuwa ya wakati wa kumimina: fundi anayeyusha madini laini, anayamimina ndani ya jicho la konrodi, yakiganda anayakwangua hadi yakumbatie kranki, mhimili unaozungushwa na konrodi. Ukikosea madini, injini nzima ni kazi bure. Kwa gari la kwenda sokoni, risasi inatosha, yale madini ya kijivu yanayokatika kwa kisu. Kwa injini ya kulia, shemeji alisema, lazima bati, maana bati linastahimili moto wa mwendo na risasi haistahimili. Akamwambia Inspekta: "Nataka bati, Bwana. Bati safi kutoka Nairobi."

Lori la polisi likarudi na bati. Lilikuwa bati la nyumba. Karatasi mpya ya kuezekea paa, imekunjwa katikati ili ienee kwenye lori, na konstebo aliyeileta akauliza tunajenga wapi.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Shemeji naye alicheka. Inspekta hakucheka. Alidhani tunamchezea, na siku za mashindano zilikuwa zinakaribia. Shemeji akamweleza kwamba kuna bati la paa na kuna bati la kuyeyusha, neno ni moja.

"Na ukikosa hilo la kuyeyusha?"

"Iko risasi. Lakini risasi laini, Bwana. Injini ikikimbia sana itayeyuka kama samli."

"Risasi ninazo," alisema Inspekta.

Kesho yake alituletea mwenyewe kopo kubwa la samli, zito. Ndani mlikuwa na vichwa vya risasi za bunduki za kale, zile walizonyang'anywa wafugaji. Maganda na baruti vilikuwa vimeshaondolewa, vimebaki vichwa vya kijivu tu, laini, ambavyo haviwezi kumdhuru mtu isipokuwa umrushie kwa mkono. "Hii si risasi? Yeyusha. Bati likija utabadilisha." Shemeji aliinua kichwa kimoja, akakikwaruza kwa ukucha, akakirudisha.

Aliyeyusha juu ya makaa. Alichovya kijiti cha mkoma ndani ya madini, akakitoa, akatazama kilivyobadilika rangi, akajua moto umetosha. Alimimina kwa mkono usiotetemeka. Kwa siku nyingi tukawa tunakwangua na kupaka masizi, tunazungusha kranki, tunafungua, tunakwangua tena palipogusa. Vichwa vilivyosalia alitaka kuvirudisha. Inspekta akasema kaa navyo, ukipata bati utavihitaji kuchanganya, na kambini sina pa kuviweka. Kopo likasukumwa chini ya meza ya kazi.

Siku ya kuiwasha tulilisukuma gari hadi kambini. Inspekta alikaa mwenyewe kwenye usukani. Injini ilikohoa, ikasita, kisha shemeji akagusa skrubu moja kwa bisibisi, na kitu kile kikapanda, kikapanda, kikafika mahali ambapo sauti si ya gari tena. Mbuzi wa mtaa mzima walikimbia. Askari waliacha kucheza karata. Shemeji aliegemea mkongojo, machozi yanamtoka, na akaonyesha kwa kiganja: basi, hapo hapo, usipite hapo.

"Imelia, Bwana Inspekta."

"Imelia," alikubali Inspekta, na akazima. "Nikirudi na kikombe, kibali utakikuta tayari."

Ahadi ilikuwa ikilia, si ikishinda. Lakini nani angemsahihisha? Hata mimi nilinyamaza. Gari likapandishwa juu ya lori, likafungwa kamba, likaondoka na msafara wa Nairobi, na tumbo la dada likawa linatangulia mbele yake kila akipita mlangoni.

Siku chache baadaye gari la jeshi lilishambuliwa kwenye njia ya Modogashe. Waliokuja kutusaka hawakuwa polisi tuliowazoea. Walikuwa wanajeshi wapya, hawamjui mtu. Walikuja mchana. Mimi nilikuwa mtoni nafua nguo za kazi, na nilipopanda na karai langu niliwakuta wamejaa mbele ya gereji. Shemeji alikuwa miongoni mwa waliochuchumalishwa, ila yeye hakuweza kuchuchumaa. Mguu ule ulinyooka mbele yake, na askari mmoja alikuwa akiupiga teke kila alipopita, akimwamuru aukunje kama wenzake.

Sajenti wao alitoka ndani na kopo la samli. Alilimwaga chini. Vichwa vikabingirika mchangani.

"Hizi ni nini?"

"Risasi," alisema shemeji.

"Za nani?"

"Risasi ya Inspekta."

Uso wa Sajenti ukafunguka, kama mwalimu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta kwa mtoto mjinga.

"Risasi *za* Inspekta," alisema, akiivuta ile za. Akawageukia askari wake. "Mmemsikia? Hata hafichi. Wamemwekea Inspekta risasi zake."

Hapa lazima nisimame nieleze, na mnivumilie, ndio ule ugonjwa wenyewe. Risasi kwa Kiswahili ni vitu viwili, ni madini na ni kile kinachoua. Ukisema madini, unasema risasi ya fulani, kama unavyosema chumvi ya fulani. Ukisema vya kuua, na ni vingi, unasema risasi za fulani. Shemeji yangu, aliyeita kila kitu "ya" tangu alipoanza kukisema Kiswahili, alasiri ile alipatia. Ndiyo mara pekee alipohitaji kupatia. Na Sajenti, aliyejua kwamba Wasomali hukosea, akamsahihisha. Tena hiyo "za Inspekta" ina sumu mara mbili: ni risasi alizonazo Inspekta, na ni risasi alizoandaliwa Inspekta. Lugha yangu ninayojivunia haitofautishi.

Nililiacha karai nikaenda mbele.

"Bwana Sajenti, amesema ya. Hakusema za."

"Hawa wote husema ya."

"Ndiyo, bwana. Lakini leo ni sahihi. Amekusudia madini. Ya kuyeyusha, ya beringi za gari la Inspekta mwenyewe. Angalia, hazina maganda."

"Hazina," alisema Sajenti. "Umesikia ulivyosema? Ha-zi-na. Kumbe ni nyingi. Kumbe ni za."

Askari walicheka. Alikuwa amenishinda kwa sarufi, mtu yule, mbele ya umati, na mpaka leo sijapata jibu ambalo lingemnyamazisha.

"Wewe kabila gani?"

"Mtu wa Lamu."

"Basi kaa kando, mtu wa Lamu. Unanifundisha Kiswahili?"

Sikukaa kando. Nikafungua mdomo niseme tena, akanipiga kitako cha bunduki papo hapo mdomoni. Meno yangu ya mbele yalianguka mchangani katikati ya vile vichwa vya risasi. Nilisikia dada akilia ndani ya nyumba, na shemeji akiniambia kwa utulivu: "Sedi, nyamaza sasa. Inspekta atasema."

Hilo ndilo lililobaki, Inspekta aseme. Ofisa wa jeshi, kijana mwenye adabu zake, aliahidi atamuuliza kwa redio. Walimfungia shemeji kwenye ua wa seng'enge kambini. Tulisimama upande wa pili, mimi na dada, na wazee wa mtaa wakawa wanapokezana kusoma dua. Sentensi moja tu ilihitajika. "Mimi ndiye niliyempa." Inspekta yuko Nairobi akingojea mashindano, atainua redio aiseme, na mumeo atatoka, nilimwambia dada. Aliitikia kwa kichwa kila niliporudia.

Jibu lilikuja. Ofisa alitusomea kwa heshima, akiwa amevua kofia: Inspekta anasema hajawahi kumpa raia yeyote risasi.

Kugawa mali iliyokamatwa ni kosa, na Inspekta alikuwa na cheo cha kulinda. Nikiitazama sentensi ile kama mtu wa Lamu, hata haina uongo. Risasi za kuua hakutoa. Alitoa madini. Ningependa kujua kama na yeye aliliona hilo alipokuwa akijibu, au kama mimi ndiye peke yangu niliyelaaniwa kuliona.

Walimpandisha shemeji lori la kwenda Modogashe. Dada alimpelekea mkongojo wake, askari akaupokea, akautazama, akautupa chini, akasema huko aendako atakaa tu. Dada akauokota. Shemeji alituangalia kutoka juu ya lori, akaniita.

"Sedi, nilikosea wabi?"

"Hukukosea," nilimwambia. Maneno yalinitoka na damu.

Aliyekuja kutupa habari alikuwa Sajenti mwenyewe. Hakuwa na kejeli siku hiyo, alisimama nje ya mlango kama mtu aliyetumwa. Alisema mfungwa alijaribu kukimbia njiani na askari hawakuwa na budi. Dada alikuwa amesimama, mkongojo umeegemea ukutani nyuma yake.

"Alifanya nini?"

"Alikimbia."

"Rudia."

"Alikimbia, mama."

Dada aliingia ndani. Kaburi hatukuonyeshwa. Eda yake aliianza juu ya mkeka wa gereji, katikati ya harufu ya oili, kwa sababu alikataa kulala penginepo.

Inspekta alirudi na gari lake juu ya lori. Nilisikia mlio wa lori nikatoka, na nilipoona ubavu wa injini una tundu, chuma kimechanika kuelekea nje na konrodi imechungulia, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyepewa chakula. Alikuwa anaongoza, alinisimulia, alikuwa mbele ya wote, akaona wa nyuma anamkaribia akaongeza kasi. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua juu ya meza ya kazi. Ndani mlikuwa na vipande vya madini ya kijivu vilivyookotwa ndani ya sampu, bakuli la oili la injini, vidogo, vimeganda kama mafuta ya nyama.

"Nini hii?"

"Risasi ya Inspekta," nilisema.

Niseme kwamba tangu siku ya kitako cha bunduki siwezi kuitamka za. Pengo limeichukua, hutoka kama upepo. Mtoto yeyote wa shule anaweza kunicheka mimi, mtu wa Lamu. Lakini ile "ya" ilitoka safi, na Inspekta aliisikia. Alikikunja kile kitambaa polepole. Dada alikuwa amekaa mlangoni, amejifunika, tumbo limeshuka, na Inspekta hakumtazama hata mara moja.

Kisha alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaiweka mezani.

"Kile kibali. Nilikiandika kabla sijaondoka. Nilitaka kumpa nikirudi na kikombe."

Kwa hiyo kilikuwa mfukoni mwake siku alipojibu redio. Akaigeukia injini yake. Nilidhani anatafuta neno. Kumbe ndiyo, na akalipata kwa ile sauti yake ya upole.

"Hapa kuna fundi mwingine anayejua kumimina beringi?"

"Hayupo," nilisema.

Tuliondoka juma lile lile. Wanawake wa mtaa walimkumbusha dada kuhusu eda, akawaambia eda ataimalizia kwa mama yake. Nilimwambia kwamba kibali hatukihitaji, sisi watu wa Lamu tunapita tu. Akakishika mkononi, na mkono mwingine ukashika mkongojo, na tulipofika kwenye kizuizi cha mtoni akamkabidhi askari kabla hajaulizwa. Askari alikisoma kwa midomo. Akatutazama, akatazama nyuma yetu njia nzima hadi mjini.

"Hiki ni cha mume na mke. Huyu ni mtu wa pwani kama wewe. Mumeo yuko wapi?"

"Alikimbia," alisema dada.

Askari alitikisa kichwa. "Wanaume wa huku," alisema, akimwonea huruma, na akatuinulia mti wa kizuizi tukavuka.